Ukaguzi wa baada ya kushusha mzigo: maana yake kwa dereva wa lori

Karatasi zikishatiwa saini, dereva huona kazi imekwisha na mkono unakimbilia ufunguo. Ukaguzi wa baada ya kushusha ni zile dakika chache za kulizunguka lori kabla halijaondoka, kwa sababu lori linalotoka ghalani si lile lililoingia.

Kwanza, je, kushusha kumekwisha kweli? Lori likiondoka foklifti, yaani gari dogo la kunyanyulia mizigo, bado iko mlangoni mwa bodi, sehemu ya lori inayobeba mzigo, foklifti huanguka pamoja na anayeiendesha. Ndiyo maana maghala mengine humnyang'anya dereva ufunguo mpaka mtu wa mwisho atoke. Vigingi vinavyozuia magurudumu yasibiringike huondolewa baada ya hapo.

Bodi huangaliwa kama mbao za sakafu zimevunjika au zimebaki na misumari. Mikanda na minyororo hukunjwa, maana ikining'inia hunaswa na magurudumu. Nje ni taa za nyuma, ambazo foklifti huzigonga bila mtu kusema, komeo za milango na matairi. Kwa tipa, lori linaloinua bodi ili kumwaga mzigo, bodi iwe imelala kabisa. Iliyosahaulika juu hukutana na nyaya za umeme.

Kinachowashangaza wengi ni tabia ya lori tupu. Springi zikipumua, gari hupanda, hivyo daraja ulilopita chini yake na mzigo linaweza kukukwaruza paa ukirudi. Breki nazo zimeundwa kwa uzito kamili. Likiwa tupu, matairi ya nyuma hayaikandamizi barabara vya kutosha, kwa hiyo hujifunga na kuteleza, hasa kwenye lami yenye maji. Bodi ndefu iliyofunikwa, ikiwa haina kitu, upepo wa ubavuni huishika kama tanga.

Tangi la kusafirishia petroli lililoshushwa yote ndilo la kuogopwa zaidi, kwani mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Alama za hatari hazibanduliwi mpaka lisafishwe.

Na kama umeshusha nusu tu? Hapo uzembe ni mwingi kuliko penginepo. Mzigo uliobaki umepoteza ulichoegemea, basi hufungwa upya. Ukitolewa wa nyuma peke yake, semitrela, yaani trela inayoegemea kichwa cha lori kinachoivuta, huhamishia uzito mbele, na ekseli za kichwa zinaweza kuzidiwa ingawa gari zima limepungua kilo. Dawa ni kuusogeza uliobaki nyuma kidogo, kisha kuukaza mikanda.