Buibui wa Krismasi ni nini?

Ni pambo dogo lenye umbo la buibui, mara nyingi pamoja na utando wake, linalotundikwa kwenye mti wa Krismasi ili nyumba ipate heri mwaka unaofuata. Desturi hii ni ya Ukraine, hasa upande wa magharibi, na wenyewe humwita pavuchok, yaani kibuibui.

Kisa chake husimuliwa hivi. Mama mmoja mjane aliishi na wanawe katika kibanda cha sakafu ya udongo. Tunda la msonobari likadondoka ndani, likachipua, na watoto wakautunza mche ule wakijua kwamba safari hii nao watakuwa na mti wa sikukuu. Mkesha ukafika, hawana hata senti ya kununulia mapambo. Wakalala, mti ukiwa mtupu. Usiku buibui wa mle kibandani wakautanda wote, na kulipokucha jua likaingia dirishani, nyuzi zile zikageuka fedha na dhahabu. Wengine humalizia kwamba familia ile haikuonja tena umaskini.

Wapo wanaoongeza kuwa ndiyo asili ya zile nyuzi za kumetameta tunazozungushia miti ya Krismasi. Hapo mimi nasita. Nyuzi hizo zilianzia Ujerumani, zikitengenezwa kwa fedha halisi iliyokatwa vipande vyembamba ili vimulikwe na mishumaa. Mti wa Krismasi wenyewe ulitoka hukohuko kwa Wajerumani, na Ukraine ulienea katika karne ya 19, kwa hiyo kisa hiki, kikiwa na mti ndani yake, hakiwezi kuwa cha kale sana.

Yuko buibui mwingine, pavuk wa mabua, na huyu hakai mtini. Mabua makavu hukatwa vipande, yakatungwa uzini hadi yakafanya maumbo ya pembe nyingi, kisha yote huning'inizwa darini juu ya meza. Ni mepesi kiasi kwamba joto la jiko au mtu kupita tu huyazungusha. Wapolandi nao wana la kwao, pająk.

Kwa wasomaji wa pwani, habari ya buibui kuheshimiwa si ngeni: mtoto wa madrasa anajua simulizi la buibui aliyetanda mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar wakiwa ndani, wakati wa Hijra. Buibui yule alificha, huyu wa Ukraine alipamba. Wote wawili walitumia kitu ambacho sisi hukifagia kila Jumamosi.

Kumtengeneza si kazi kubwa. Ushanga mkubwa ni tumbo, mdogo ni kichwa, na waya mwembamba uliokunjwa ni miguu minane. Utando ndio unaotaka subira: nyaya kadhaa husokotwa pamoja katikati zikafunguka kama miale, halafu waya wenye shanga huzungushwa kutoka ndani kwenda nje, ukikazwa kwenye kila mwale. Ukilegeza mmoja, duara lote linapinda.

Siku ya kumtundika nayo imesogea. Mwaka 2023 Ukraine iliihamisha rasmi Krismasi kutoka Januari 7 hadi Desemba 25, ingawa wapo wanaoshikilia kalenda ya zamani. Na akionekana buibui wa kweli mtini, haguswi. Hiyo ndiyo bahati yenyewe.