Kurudi kwa Yesu hakungoji orodha yetu ya makabila

"Makabila yasiyofikiwa na injili yamebaki machache. Tukiyamaliza, Yesu anarudi."

Nimeisikia tena kauli hii, safari hii kwenye harambee ya umisioni, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Mimi nafundisha wainjilisti wa mitaa. Katika darasa langu hakuna kosa ninalokutana nalo mara nyingi kama hili, na linaniuma zaidi kwa sababu wanaolisema ni watu wanaoipenda kazi. Walegevu hawana habari na Mathayo 24, sura ambako kauli hii inachukuliwa.

Msimamo wangu ujulikane kwanza. Naamini Kristo atarudi kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu, kama tunavyokiri kila Jumapili. Naamini pia kwamba kanisa lisilohubiri injili limeacha kazi yake. Kuhusu unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, kama ni kabla ya dhiki kuu au baada yake, au kama ile miaka elfu ni ya kuhesabika au ya mfano, leo napita. Wakristo waaminifu wametofautiana hapo tangu zamani, na tofauti hiyo haibadilishi kazi inayomsubiri mwinjilisti Jumatatu asubuhi.

Ugomvi wangu uko kwenye mstari mmoja, Mathayo 24:14: "Tena habari njema ya ufalme itahubiriwa katika ulimwengu wote, kuwa ushuhuda kwa mataifa yote; hapo ndipo ule mwisho utakapokuja." Watu wanausoma kana kwamba Bwana ametukabidhi ufunguo wa kuwashia mwisho wa dunia. Rudi juu, mstari wa tatu, uone wanafunzi waliuliza nini: mambo hayo yatakuwa lini, na nini dalili ya kuja kwako. Katika kuwajibu, jambo la kwanza analowaambia ni kwamba mtu asiwadanganye. Kisha anataja vita, njaa, matetemeko, mateso, upendo wa wengi kupoa, na katikati ya giza hilo lote anawapa ahadi: pamoja na hayo, injili itahubiriwa. Hii ni faraja kwa watu wanaokwenda kupigwa na kufungwa. Anawahakikishia kwamba mateso hayataizima kazi. Halafu katika sura hiyo hiyo, mstari wa 36, anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Kama mstari wa 14 ungekuwa hesabu ya kukamilisha, mstari wa 36 ungekuwa hauna maana, kwa sababu yeyote mwenye orodha nzuri ya makabila angeijua siku, au walau mwaka.

Tena, Paulo tayari alisema imefanyika. Soma Wakolosai 1:23, anapoandika kwamba injili imehubiriwa kwa viumbe vyote chini ya mbingu. Soma Warumi 10:18, anapotumia Zaburi kusema sauti yao imeenea duniani mwote. Paulo alijua vizuri kwamba Hispania ilikuwa bado, na alikuwa anapanga kwenda. Kwa hiyo alipozungumza juu ya ulimwengu wote, hakuwa anajaza jedwali. Na mitume walipotaka tena kujua majira, katika Matendo 1, waliambiwa si kazi yao kujua nyakati, kisha papo hapo wakapewa kazi iliyo yao: kuwa mashahidi hata mwisho wa nchi. Amri ya kwenda na katazo la kuhesabu zimetoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Sisi tumeipokea amri, tukalikalia katazo.

Sitaki kumdhulumu mtu. Julai 1974, kwenye kongamano la uinjilisti duniani lililofanyika Lausanne, Uswisi, mmisionari Mmarekani Ralph Winter alionyesha jambo ambalo wengi hawakuwa wameliona: ukihesabu nchi, unaficha watu. Nchi inaweza kuwa na makanisa kila mkoa, na bado ndani yake kuna jamii ambazo hakuna jirani wa kuwaeleza habari za Kristo kwa lugha na maisha yao. Hilo ni kweli hata kwetu Tanzania, nchi yenye lugha zaidi ya 120. Orodha za makabila zimewafanya watu wafungue macho, na mimi mwenyewe nazitumia darasani. Kinachonisumbua ni kile kinachotokea orodha inapogeuka kuwa ratiba ya mbinguni.

Kinachotokea ni hiki. Timu inafika kijijini na jenereta na vipaza sauti. Mkutano wa nje unafanyika jioni kadhaa, sala ya toba inaongozwa, mikono inahesabiwa, picha zinapigwa. Ripoti inakwenda kwa wafadhili, na kabila linawekewa alama kwamba limefikiwa. Mahubiri yalikuwa kwa Kiswahili cha mjini, na bibi aliyeinua mkono wake mstari wa mbele anaota, analia na kuomba kwa Kisandawe. Aliinua mkono kwa sababu walio pembeni yake waliinua. Je, amesikia? Labda. Mungu ana njia zake na simwekei mipaka. Lakini mimi siwezi kuandika kwamba amefikiwa, na sielewi wengine wanapata wapi ujasiri huo.

Halafu timu inaondoka. Mwezi unaofuata mtoto wa yule kijana aliyekata shauri anaugua, wazee wanasema aende kwa mganga. Nani yuko pale wa kukesha naye? Mama aliyeokoka anaambiwa na mumewe achague kati ya ndoa na kanisa. Nani atazungumza na huyo mume, taratibu, kwa heshima, mara nyingi? Baba mkubwa anafariki, kuna tambiko, na mwongofu mpya hajui aingie mpaka wapi na asimame wapi. Haya ndiyo maswali ya uinjilisti. Agizo la Mathayo 28 linasema kufanya wanafunzi, kubatiza, na kuwafundisha kuyashika yote. Kufundisha huko ni kazi ya miaka, na anayefukuzana na tarehe hana miaka ya kutoa.

Na hata kama kabila limefikiwa kweli, kwa kina, nani amesema litabaki hivyo? Nubia, kule kwenye Nile inayokatiza Sudan ya leo, ilipokea Ukristo katika karne ya 6. Ilikuwa na wafalme Wakristo, maaskofu, makanisa yaliyopambwa kwa michoro, na maandiko kwa lugha yao wenyewe. Leo michoro ya kanisa la Faras iko katika makumbusho ya Warsaw na Khartoum, na lile kanisa halipo tena. Kathage, katika Tunisia ya leo, alikofanya kazi askofu Cyprian, ilipita njia hiyo hiyo. Mtu wa karne ya 8 mwenye orodha angeiwekea Nubia alama ya kukamilika. Nani angekwenda kuifuta baadaye? Kila siku wanazaliwa watoto ambao hawajasikia chochote, Dar es Salaam hii hii, ndani ya nyumba za wazee wa kanisa.

Mfano ninaoupenda zaidi kuwapa wanafunzi wangu unaanzia Württemberg, Ujerumani. Huko aliishi Johann Albrecht Bengel, aliyefariki 1752. Alikuwa bingwa. Toleo lake la Agano Jipya la Kigiriki la 1734 linaheshimiwa na wataalamu hadi leo. Bengel huyo huyo alikaa na namba za Ufunuo akafikia hitimisho kwamba mabadiliko makuu yangekuja mwaka 1836. Hakuwa tapeli wala mjinga, na hapo ndipo penye uchungu. Wachamungu wa Württemberg waliungoja mwaka ule, na ukapita.

Mwaka uliofuata, 1837, kijana wa Württemberg aliyelelewa katika ucha Mungu huo aliingia Ethiopia kama mmisionari. Ni Johann Ludwig Krapf. Akafukuzwa huko, na 1844 akafika Mombasa. Miezi michache baadaye alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo, upande wa pili wa Atlantiki, wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Miller walikuwa wakiisubiri tarehe 22 Oktoba kama siku ya Yesu kurudi, baadhi yao wakiwa wameacha mazao shambani. Krapf, akiwa mjane na mgonjwa wa homa, alikuwa akitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Naye alikuwa akimngojea Bwana, na kungoja huko kulimkalisha kwenye vitenzi na majina ya lugha ya watu, kazi ambayo matunda yake hakuyaona. Namweleza kwa kirefu kwa sababu vijana wangu wanadhani anayeamini Yesu yuko karibu hawezi kuanza kazi ndefu.

Upande wa hofu nitasema kwa kifupi, maana unaumiza. Kanungu, Uganda, Machi 2000, ambako mamia ya wafuasi wa dhehebu lililongoja mwisho wa dunia waliteketea kwa moto. Shakahola, Kilifi, 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ikiwamo mingi ya watoto. Septemba 2025 mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alitangaza unyakuo wa tarehe 23 na 24, na video zikazunguka kwenye simu za waumini wetu mpaka wazazi wakaniuliza kama walipe ada. Silinganishi harambee ya umisioni na Shakahola. Nasema tu kwamba mtu aliyezoeshwa kuamini siku inakokotolewa hana kinga anapokuja mwenye kokotoo kali zaidi. Wathesalonike walifika mahali pa kuacha kazi, na jibu la Paulo lilikuwa kwamba asiyetaka kufanya kazi asile chakula. Na katika barua ya kwanza, baada ya kueleza parapanda na mawingu, hakusema tishaneni kwa maneno hayo. Alisema farijianeni. Wainjilisti wengi tunaanza na parapanda na tunaishia na jehanamu, na watu wanakata shauri kwa kutetemeka. Hofu ikipoa, na shauri nalo linapoa.

Sasa niseme panaponisumbua mimi. Petro wa pili, 3:9, uko upande wangu: Bwana hakawii, anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee. Lakini mistari mitatu mbele, 3:12, unasema tuitazamie siku ya Mungu "na kuihimiza". Kuihimiza! Wanaonipinga wanautaja mstari huo, na wana haki. Nimesoma wanaosema maana yake ni kuitamani kwa bidii tu, na natamani nikubaliane nao, ila naona wanaukimbia. Inaelekea Petro anasema kweli kwamba utakatifu na toba ya watu vina uhusiano fulani na kuja kwa siku ile. Uhusiano gani, sijui. Nashikilia tu kwamba pale anazungumzia mwenendo mtakatifu na utauwa, na orodha ya makabila haimo. Mathayo 24:34 nao, kizazi hiki hakitapita, sijawahi kupata maelezo yanayoniridhisha kabisa. Nimefundisha maelezo matatu tofauti na wanafunzi wamegundua.

Jambo la mwisho ni kwa mnaotumwa Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Zanzibar. Mnapanda jukwaani mkitangaza kwamba Yesu anarudi kana kwamba ni habari mpya. Jirani yenu Mwislamu amefundishwa tangu utoto kwamba Nabii Isa bin Mariamu atashuka kabla ya Kiyama na kumwua Dajali, yule mdanganyifu wa siku za mwisho. Hilo la kurudi anaweza kukuitikia, na bado hujamhubiria injili. Atakuuliza huyo anayerudi ni nani, alisulubiwa au hakusulubiwa, na kwa nini unamwita Mwana. Maswali hayo unayajibu barazani, ukiwa na mtu anayekujua, ambaye umezika naye na umemwuguza, na ambaye hajakuona ukitazama saa. Mkienda, fungeni mizigo ya kukaa. Jifunzeni salamu zao kwanza, na mkifika Mathayo 24, msifunge kitabu hapo. Endeleeni mpaka mwisho wa sura ya 25, kwa wenye njaa, wagonjwa na wafungwa, maana Bwana mwenyewe hakuwa amemaliza kujibu swali la wanafunzi.