Mbona mnarudi tena? Mambo tunayoyaelewa vibaya kuhusu tafiti za afya za miaka mingi

Nafanya kazi ya udadisi, ile ya kuzunguka mitaani na kishikwambi, naingia kaya kwa kaya kuuliza maswali ya afya, na kila mtaa ninaopita huku Dar nakutana na maneno yaleyale. Sio maneno ya watu wajinga hata kidogo, mengine yana mizizi mirefu na yanastahili majibu ya maana, shida ni kwamba pale mlangoni una dakika chache, jua kali, mama ana sufuria jikoni, unajibu juujuu unaondoka. Hapa nina nafasi, acha niyajibu.

Linalosumbua kuliko yote ni hili: "Si mlikuja mwaka jana mkaandika kila kitu? Mmepoteza makaratasi?"

Hapana mama, hatujapoteza kitu. Kuna utafiti unaokuja mara moja, unapima, unaondoka, huo unakwambia leo watu wangapi wana presha. Ila ukitaka kujua presha ya leo itamfanya nini mtu miaka 15 mbele, lazima umrudie yeye mwenyewe, sio jirani yake. Marekani walianza 1948 kwenye mji mmoja unaitwa Framingham, watu 5,209, wakawa wanawapima upya kila baada ya miaka 2. Zama zile madaktari wengi waliamini presha kupanda uzeeni ni kawaida ya mwili, na rais wao Roosevelt alikufa 1945 kwa damu kuvujia kwenye ubongo, presha iko juu sana na dawa za maana hazikuwepo. Framingham ndo ikaonyesha kidogokidogo kwamba presha, kolesteroli na sigara vinaanza kumwandama mtu miaka mingi kabla moyo haujagoma. 1971 wakaingiza watoto wa wale wa kwanza, 2002 wakaingiza wajukuu. Na mimi mpaka leo nakutana na wazee Temeke huko wananiambia "mwanangu hii presha ya uzee tu", inaniuma kwa kweli maana jibu la hilo lina zaidi ya miaka 60.

Na hata hapa nchini kazi hii ipo muda mrefu. Ifakara na Rufiji tangu miaka ya 1990 wadadisi wanapita kuandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama. Dar ilianza 2011 kwa Ukonga na Gongo la Mboto, wakazi zaidi ya 100,000, wakishirikiana Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Afya Ifakara na Harvard. Watu wetu wengi wanafia nyumbani bila daktari kuandika chochote, kwa hiyo mdadisi anakaa na wafiwa anauliza homa ilianza lini, alikuwa anakohoa, miguu ilivimba, alipelekwa wapi, halafu madaktari wanasoma maelezo yale wanatafuta chanzo cha kifo. Ni mazungumzo mazito na unatakiwa uende na adabu zote, lakini bila hayo hatujui mtaa unapoteza watu wake kwa nini.

"Mimi siumwi, nendeni Muhimbili wagonjwa wako wengi."

Hapa ndo watu hawaamini nikiwaambia kwamba wewe usiyeumwa ndo tunakuhitaji sana. Ukimuuliza mtu ambaye tayari ana kansa alikuwa anaishi vipi miaka 20 iliyopita, kumbukumbu inavutwa na ugonjwa, anatafuta cha kulaumu, anasahau mengine. Ukimuuliza akiwa mzima, jibu linaandikwa kabla ugonjwa haujajulikana. Uingereza 1951 watafiti wawili, Doll na Hill, waliwaandikia madaktari wenzao kuwauliza wanavuta sigara kiasi gani, wakajibu zaidi ya 40,000, basi wakawa wanasubiri na kufuatilia. Ndani ya miaka michache picha ya kansa ya mapafu ikaanza kuonekana, na walipofunga hesabu baada ya miaka 50, mwaka 2004, ikawa wazi kwamba mvutaji wa maisha yote anapoteza wastani wa miaka 10 hivi ya kuishi, na aliyeacha akiwa na 50 anarudisha kama miaka 6, aliyeacha akiwa na 30 anarudisha karibu yote. Hesabu ya namna hiyo huipati wodini.

Sasa damu.

Hili sitaki kulipita haraka. Pwani hii bibi zetu walikua na hofu ya mumiani, watu wanaonyonya damu ya wenzao usiku wakaiuze iwe dawa, na stori zile zilishika sana enzi za mkoloni, wakati ambao wageni wenye vyombo walikuwa wanaingia vijijini wanachukua vipimo na damu bila kumweleza mtu kitu kinachoeleweka. Kwa hiyo mzee wa Mbagala akiona sindano akakunja mkono mimi simcheki, hofu yake ina historia. Ila ukweli wa leo ndo huu. Anayechangia damu hospitali anatoa kama mililita 450 kwa mara moja. Utafiti unachukua vijichupa vichache tu, hata ule mkubwa wa Uingereza unaoitwa UK Biobank, unaopima vitu vingi mno, haufiki sehemu ya nane ya hapo. Damu ile inagawanywa kwenye vichupa vidogo zaidi, inagandishwa kwenye friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, hakuna mgonjwa anayeweza kuongezewa hiyo. Na sampuli za hapa haziruhusiwi kubebwa tu kwenda nje, lazima utafiti uwe na kibali cha maadili, na kuna mkataba maalum wa kusafirisha sampuli unaopitia NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya 1979.

Nawaambia na wadadisi wenzangu humuhumu: ile fomu ya ridhaa sio ya kusomwa mbiombio kama dua ya kufungua kikao. Soma kwa Kiswahili cha mtu, mwambie damu itakaa wapi, muda gani, itapimwa nini, muachie nakala yake yenye namba ya simu ya kamati ya maadili. Mtu akishaelewa akikataa, amekataa, tusimzungukie kupitia kwa mjumbe.

"Nikishatoa sampuli mtanitibu?" Jibu fupi, utafiti sio zahanati. Vipimo vya papohapo kama presha na uzito unaambiwa hapohapo na ikiwa juu unaelekezwa hospitali, lakini mengi ya maabara yanafanyika miaka baadaye kwa maelfu ya sampuli kwa pamoja na hayarudi kwako. Mdadisi anayekudanganya kwamba utapigiwa simu na majibu ya kila kitu anaharibu kazi ya wote.

Halafu kuna dhana ya wasomi, hii naisikia kwa watu wenye digrii zao: "Wazungu wana data ya watu laki tano, sisi ya kwetu ya nini, si tutumie hiyo?" Wanamaanisha UK Biobank, ule wa Uingereza niliougusia kwenye damu. Ni kazi kubwa na naiheshimu, walisajili watu kama 500,000 wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, damu, mkojo, mate, vinasaba vyote vimesomwa, na watafiti wa dunia nzima wanaweza kuomba kuitumia, hata mtu wa Upanga. Lakini angalia nani yumo. Karibu 94 kati ya kila 100 ni Wazungu. Tena walialikwa zaidi ya milioni 9 wakaja kama 5.5 kati ya kila 100, na waliokuja ni wale wenye afya nzuri na uwezo kuliko wengine, kiasi kwamba waliofika miaka 70 hadi 74 walikuwa wanakufa kwa kiwango cha takriban nusu tu ya wenzao wa umri huo nchini kwao. Kwa hiyo hata Uingereza kwenyewe huwezi kuitumia kusema asilimia ngapi ya wananchi wana ugonjwa fulani.

Kwetu shida inazidi. Kipimo cha HbA1c, kile cha sukari ya miezi mitatu, 2017 watafiti walionyesha kuna badiliko kwenye jeni (kipande cha vinasaba) inayoitwa G6PD, ambalo watu wengi wa asili ya Afrika wanalo kwa sababu linakinga malaria, linafanya chembe nyekundu za damu ziishi muda mfupi na kipimo kisome chini kuliko sukari halisi. Maana yake mtu anaweza kuwa na kisukari akaambiwa yuko salama! Ukiwapima watu wa Ulaya peke yao jambo hilo hulioni kirahisi. Mfano mwingine mimi ndo naupenda zaidi: Dallas, Marekani, kwenye utafiti uliokuwa na Wamarekani weusi wengi, walikuta watu ambao jeni yao inayoitwa PCSK9 imezimika na kolesteroli yao mbaya iko chini. Wakaenda kwenye utafiti mwingine uliofuatilia watu miaka 15, karibu weusi 3 kati ya kila 100 walikuwa na badiliko hilo, na hatari yao ya ugonjwa wa moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88. Hayo yalichapishwa 2006, kufika 2015 dawa za kuzima PCSK9 zimeshapitishwa, zinatibu watu wa rangi zote. Na hapa Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia wagonjwa wa selimundu (sickle cell) tangu 2004, ikaonekana hatari ya kufa ni kubwa kuliko kote kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kitu kama hicho utakitafuta wapi London?

Ila na upande wa pili tusipotoke. "Utafiti wa watu laki moja umesema" haina maana imethibitika. Kufuatilia watu kunaonyesha vitu vinavyoenda pamoja. Manesi 121,700 wa Marekani waliofuatiliwa tangu 1976 walionyesha kwamba wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi wanaugua moyo kidogo, madaktari wakaandika sana dawa hizo. 2002 jaribio lililogawa wanawake zaidi ya 16,000 kwa bahati nasibu, wengine homoni wengine kidonge kisicho na dawa, likasimamishwa njiani kwa sababu kansa ya matiti, kiharusi na hata ugonjwa wa moyo viliongezeka. Sehemu ya maelezo ni kwamba waliokuwa wanachagua homoni ndo haohao wenye kipato na wanaojali afya zao.

Kuhusu majina: jina na simu vinatengwa na majibu, mchambuzi anaona namba tu, na toka Mei 2023 sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi. Lakini sitakwambia hatari ni sifuri, mtaa mdogo wenye mtu mmoja mwenye ugonjwa wa nadra majirani watamjua hata bila jina, ndo maana matokeo hayatakiwi kutolewa kwa ngazi ya nyumba.

Mwisho ni kuhama, na Dar ndo jiji la kuhama. Kodi ikiisha mtu katoka Gongo la Mboto yuko Chanika, anadhani basi ameshatoka kwenye utafiti. Wanaohama sana ni vijana na wapangaji, sasa tukiwapoteza hao tunabaki na wenye nyumba na wazee, halafu tunasema hii ndo afya ya Dar. Ukihama piga ile namba iliyo kwenye nakala yako ya fomu. Na kama hutaki tena, sema hutaki, huhitaji kutoa sababu wala matibabu yako hayaguswi. UK Biobank wana ngazi zake kabisa: unaweza kusema msinitafute tena lakini tumieni mlivyonavyo, au msichukue taarifa zangu mpya za hospitali, au acheni kutumia kila kitu changu na sampuli ziharibiwe. Muulize mdadisi wako kwenye utafiti wake ngazi hizo zikoje, na asipojua mwambie akaulize kwanza ndo arudi.