Kupaka rangi manjanja: maana yake nini, na kwa nini nyeupe

Hapa Goma mtu akipanda juu ya nyumba na ndoo ya rangi, majirani wanasema iko na makuta (pesa) ya kuchezea. Lakini kupaka rangi manjanja, yaani mabati ya paa, si urembo tu, ile rangi inafanya kazi mbili zisizofanana: kupunguza joto ndani ya nyumba, na kukinga bati lisiliwe na kutu mapema.

Tuanze na joto. Mji wetu uko mita karibu 1,500 juu na ikweta iko hapo tu karibu, hewa yenyewe si ya moto sana lakini jua linachoma kweli, na kama nyumba ni ya mbao na haina plafo (dari), saa saba mchana hata mtoto hakubali kulala ndani. Sasa mtu atauliza, bati jipya si linang'aa, si linarudisha jua? Linarudisha ndiyo, ila lile joto kidogo lenye limeingia halitoki haraka, juu chuma chenye kung'aa ni kizito kuachilia joto lake hewani, ndiyo maana ukikigusa saa sita unatoa mkono mbio. Rangi nyeupe inafanya yote mawili, inarudisha sehemu kubwa ya jua, na joto lenye limebaki inaliachilia. Nyekundu nzito, kijani, bleu, zile tunapenda, zinakinga bati vizuri tu lakini zinameza jua, usizidai baridi.

Halafu kutu. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki ndiyo inaliwa kwanza ili chuma kipone. Kwingine inadumu miaka na miaka, lakini sisi tuko na volkano mbili, Nyiragongo na Nyamulagira, moshi wao uko na gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa asidi, na asidi inamaliza zinki haraka. Zinki ikiisha, kutu inaanzia pale kwenye misumari na kwenye maungio, maji yanapokawia kukauka. Rangi ni koti tu kati ya mvua na zinki, hakuna muujiza.

Na koti linabanduka kama halikushikana na bati. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu, wanachukua rangi ya mafuta, ile ya milango, wanaipaka moja kwa moja juu ya bati jipya, kumbe mafuta yake yakigusana na zinki yanatengeneza aina ya sabuni chini kwa chini, mvua ikipiga piga rangi inabanduka vipande vizima. Bati jipya lioshwe mafuta ya kiwandani, lipate rangi ya kwanza ya kushikilia, yenye imeandikwa kwamba ni ya zinki, halafu rangi ya maji ya nje mara mbili. Lenye kutu tayari, piga brosi ya chuma na msasa mpaka unga wote utoke, kisha antiruye, rangi ya kuzuia kutu. Kazi hii ni ya kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, asubuhi umande ukishakauka, si saa sita, rangi inakauka kabla haijashika.

Vumbi na majivu ya volkano vinachafua nyeupe na nguvu yake inapungua, kwa hiyo mara moja moja osheni bati. Wenye kukusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati waulize dukani rangi isiyo na risasi (plomb, madini yenye sumu), na mvua za kwanza baada ya kupaka waziache zimwagike.