Rungwe Haijafa: Kusoma Matabaka ya Pumisi Kati ya Uyole na Tukuyu

Kila nikijitambulisha Tukuyu, mji ulio chini ya mlima Rungwe, kuwa mimi ni mjiolojia wa volkano, swali linalofuata nalijua: "Kwa hiyo mlima wetu umekufa au umelala?" Jibu langu ni fupi. Umelala. Halafu naulizwa nimejuaje, maana hakuna moshi, hakuna moto, na juu kuna msitu mnene na ukungu tu. Hapo ndipo inabidi niwaelekeze kwenye kingo za barabara, kwa sababu ushahidi wangu mkubwa uko kule walikochonga wakandarasi wa lami na wachimba moramu.

Kwanza tujue tuko wapi. Kusini mwa Mbeya yanakutana matawi matatu ya Bonde la Ufa: tawi la Rukwa linatoka kaskazini-magharibi, la Nyasa linashuka kusini, na la Usangu linaelekea kaskazini-mashariki. Ardhi ikivutwa pande tatu, ganda lake linapasuka na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inapata njia. Imekuwa ikipata njia hapa kwa miaka karibu milioni 8 au 9, ndiyo maana ukitazama kutoka Tukuyu huoni volkano moja bali lundo la volkano, za kale zimezikwa na za baadaye. Mji wenyewe wa Tukuyu umekaa juu ya lava nyeusi za basalti zilizotiririka na kutandaa kwa upole. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, ambalo watu hupigia picha, ni lava ya aina hiyohiyo: mto umepenya chini yake na kuacha juu mwamba unaopitika kwa miguu.

Lakini volkano tatu ndizo zilizofanya kazi katika miaka elfu chache iliyopita: Rungwe, Ngozi na Kyejo. Kila moja ina tabia yake, na anayezichanganya hataelewa chochote.

Rungwe ndiyo ndefu, mita zipatazo 2,960. Ukiitazama kutoka upande wa Tukuyu siku isiyo na mawingu utaona kilele hakijakamilika. Upande wa kusini-magharibi kuna pengo kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi. Pengo hilo halikulipuliwa. Ubavu wa mlima uliporomoka wote kwa mkupuo, na kifusi chake kikasambaa chini na kuacha vilima vidogo vidogo vilivyotapakaa bila mpangilio. Ndivyo ulivyoporomoka ubavu wa Mount St. Helens kule Marekani mwaka 1980, kabla tu ya mlipuko. Baadaye, ndani ya pengo la Rungwe, magma ilirudi na kujenga makuba ya lava (vilima vya lava nzito iliyorundikana palepale ilipotokea) na kreta nyingine ndogo. Kwa hiyo kilele mnachokiona leo ni cha umri mdogo kuliko mlima wenyewe.

Sasa twende kwenye ukingo wa barabara. Ukitoka Uyole, ukishapanda milima ya Uporoto na kuanza kushuka kuelekea Isongole, tafuta mahali palipochongwa wima. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake utaona mkanda wa vijiwe vyepesi vya rangi ya krimu au njano iliyofifia, vimeshikana kidogo tu, ukivigusa vinamwagika. Hiyo ni pumisi. Okota kimoja, kikauke, kitupe kwenye ndoo ya maji: kitaelea, kwa sababu sehemu kubwa yake ni matundu yaliyoachwa na gesi. Ukikivunja na kukitazama kwa lenzi utaona vipande vya kung'aa vya madini ya feldispa ndani ya kioo cha volkano, yaani magma iliyopoa ghafla. Mafundi wa ujenzi wanavijua vijiwe hivi kwa kazi nyingine kabisa, maana mawe ya volkano ya eneo hili husagwa na kuchanganywa kwenye saruji.

Usiishie kuangalia rangi. Piga magoti uangalie chini kabisa ya mkanda. Chembe za kitako ni ndogo, na kadiri unavyopanda zinakuwa kubwa, halafu ukubwa unatulia hadi karibu na juu. Hiyo ni kumbukumbu ya mlipuko saa kwa saa. Ulianza kwa nguvu ndogo, nguzo ya majivu ikazidi kurefuka, ikafika kimo chake na kubaki hapo hadi magma ilipopungua. Vilevile chembe za sehemu moja zinalingana ukubwa, kwa sababu hewa ilizipembua zilipokuwa zikianguka kama ungo unavyotenga pumba na mchele.

Mkanda huu wataalamu wanauita Pumisi ya Rungwe, na umri wake ni miaka ipatayo 4,000. Piramidi za Giza zilikuwa zimeshasimama kwa karne kadhaa. Kwa kupima ukubwa wa chembe na unene wa tabaka katika sehemu nyingi, imekadiriwa kwamba nguzo ya mlipuko ilipanda kati ya kilomita 30 na 35 angani, mara tatu ya kimo cha ndege ya abiria. Kilichotoka ni kilomita za ujazo kadhaa za pumisi na majivu.

Jambo linalonishangaza zaidi ni upepo, au tuseme kukosekana kwake. Kwa kawaida tabaka la majivu huwa na umbo la ulimi, refu upande ulikovuma upepo na fupi upande mwingine. La Rungwe limetandaa karibu duara. Siku ile hewa ilikuwa imetulia kabisa, na pumisi ikashuka pande zote: Uporoto, Kitulo, Tukuyu, hadi Nyasa. Hapakuwa na upande salama wa kukimbilia. Wanaopanga ramani za hatari kwa kufuata tu upepo wa kawaida wa Mbeya wanapaswa kulitazama tabaka hili kwanza.

Ngozi ni jirani wa kaskazini-magharibi, na wageni huipenda kwa sababu ya ziwa lake la kijani ndani ya kuta zilizosimama wima. Mimi ndiyo ninayoihofia zaidi. Shimo lile ni kaldera, paa la volkano lililodidimia baada ya magma kutoka kwa wingi. Mlipuko wake mkubwa wa zamani ulimwaga pumisi ambayo leo tunaikuta hadi uwanda wa Kitulo, yapata miaka 10,000 iliyopita au zaidi kidogo. Lakini wa karibuni ulitokea ndani ya miaka 1,000 iliyopita, na haukuwa wa kumwaga vijiwe kutoka juu. Ulishusha wingu zito la gesi ya moto na majivu lililotambaa ardhini na kufuata mabonde kusini kwa umbali wa takriban kilomita 10. Utalitambua tabaka lake kwa vurugu: vumbi, vijiwe na mawe makubwa vimechanganyika ovyo, kwani safari hii hewa haikupata nafasi ya kupembua. Vipande vya mkaa wa miti iliyoungua mle ndani ndivyo vinavyotusaidia kupima umri kwa radiokaboni. Pumisi ikianguka juu ya nyumba, mtu anaweza kupangusa paa na kuhama. Mbele ya wingu kama lile hakuna la kufanya isipokuwa kuwa umeshaondoka.

Kuna kasoro moja ya kutegemea kingo za barabara. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jivu jembamba la mlipuko mdogo linasombwa au linageuka udongo wa migomba kabla halijazeeka. Ndiyo maana maziwa yana thamani. Masoko, ambalo wengi wanalijua kwa hadithi za dhahabu ya Wajerumani, ni shimo la mviringo lenye upana wa mita 700 hivi, lililochimbwa magma ilipokutana na maji ya ardhini na maji kugeuka mvuke kwa ghafla. Tope la chini yake limekaa kimya kwa makumi ya maelfu ya miaka likipokea kila jivu lililopita. Mirija ya tope iliyochimbwa Masoko na Nyasa inaonyesha milipuko mingi kuliko tunayoiona nchi kavu, na makadirio yake ni kwamba Rungwe hulipuka, kwa wastani, kila miaka 500 hivi. Katika tope la Nyasa limepatikana hata jivu la Toba, volkano ya Sumatra huko Indonesia iliyolipuka miaka ipatayo 74,000 iliyopita. Chembe zake hazionekani kwa macho, lakini zinatusaidia kujua umri wa tope la juu na chini yake.

Kyejo hana makuu. Ndiye wa mwisho kuamka, na aliamka kwa lava: kadiri ya mwaka 1800, ufa ulifunguka ubavuni mwake na mtiririko ukashuka kilomita kama 8. Tarehe hiyo inatokana na kumbukumbu za Wanyakyusa, waliosimuliana tukio hilo kizazi kwa kizazi. Lava inawapa watu muda wa kuhamisha ng'ombe. Shida ya Kyejo leo ni nyingine. Gesi ya kabonidayoksaidi inatoka ardhini kwa wingi kiasi cha kuvunwa kwa ajili ya viwanda, na inapovuja kwenye vishimo visivyo na upepo hujikusanya chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenzetu wa Goma wanaziita sehemu kama hizo mazuku. Ukipita huko ukaona wadudu na ndege wamekufa ndani ya kishimo, usiiname kuwaangalia, mbwa wako mfunge kamba, na watoto wasiingie humo hasa alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma.