Mazoezi si kuruka kichura: dhana na ukweli kwa watu wa Tanga

"Mazoezi yasiyouma hayana faida."

Wengi walikutana na mazoezi shuleni yakiwa adhabu: umechelewa namba, ruka kichura. Mtu akikua na mazoea hayo, kila akivaa raba anakuwa kama analipa kosa. Jana lilikuwa utoro, leo ni sahani ya wali wa nazi. Ndiyo maana wengi huanza Jumatatu na kuacha Alhamisi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wastani ni pale unapoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mkitoka Ngamiani kwenda Raskazone kwa miguu na umbea unaendelea, hapo ndipo penyewe. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya ni kawaida. Kifua kikibana, simama, nenda hospitali.

"Jasho jingi ni mafuta yanayotoka."

Jasho ni maji na chumvi, na hupoza mwili pale tu linapokauka. Kwa fukuto la pwani la Desemba hadi Machi linachuruzika bila kukauka, moyo unaenda mbio zaidi kwa mwendo uleule. Anayejifunga nailoni tumboni anapoteza maji tu; akinywa, mizani inarudi palepale.

"Baiskeli inaharibu magoti."

Katika mji tambarare kama huu, dhana hii inawanyima watu zoezi rahisi kuliko yote. Mara nyingi mkosaji ni kiti kilichoshushwa mno, hasa kwenye baiskeli ya kuazima: goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, na maumivu yanakaa mbele, chini ya pia ya goti.

Dawa yake ni spana na dakika tano. Egemea ukuta, kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukihamishia pedeli kwenye sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo. Nyonga zikiyumba unapoendesha, kiti kimepanda sana. Kishushe kidogo, kaza nati, jaribu tena.

Kisha anza polepole dakika tano, simu ikiwa mfukoni. Sikiliza mnyororo, hesabu mizunguko mingapi ya pedeli inaingia katika pumzi moja. Akili itakimbilia deni la dukani, haina budi. Irudishe kwenye pumzi bila kujilaumu. Upepo wa bahari ukikukabili, usishindane nao. Mwendo upungue, pumzi ibaki ileile.

"Bila hatua 10,000 ni kazi bure."

Namba hiyo ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, wala haikuanzia kwa daktari. Faida huanza chini sana ya hapo.

"Lazima iwe saa nzima mfululizo."

Hapana. Mwongozo huohuo unahesabu hata vipande vifupi, na kazi za nyumbani zimo. (Ila anayetwanga na kuchota maji tangu alfajiri asiambiwe pia ajifunze kupenda mazoezi, huyo anahitaji kupumzika.)

"Mchanga ni laini, kwa hiyo ni mwepesi kwa miguu."

Mchanga mkavu unameza mguu. Kuutembea kunakula nguvu karibu mara mbili ya ardhi ngumu, na nyama za nyuma ya mguu ndizo zinazolalamika kesho yake. Anayeanza atembee kwenye mchanga uliolowa, maji yakiwa yamekupwa. Kila siku yanachelewa takriban dakika 50: leo yakikupwa saa kumi na moja jioni, kesho ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Na kwa kuwa ufukwe umeinama, mguu wa upande wa bahari unakanyaga chini zaidi. Usiende mbele tu halafu ukapanda bodaboda kurudi. Rudi kwa nyayo zako, miguu ibadilishane zamu.