Babu Mzungu, Bibi Mweusi na Baba Anayesahaulika

Wasomaji kadhaa wameniomba niandike juu ya filamu Black or White ya Mike Binder, na karibu wote wana swali moja: je, mahakama ya Marekani inaweza kweli kumpa mtoto babu au bibi kwa kuangalia rangi? Mimi ni wakili wa mashauri ya familia hapa Dar es Salaam. Sheria za huko nazifuatilia kwa sababu ndugu zetu wanaozaa na kulea Marekani ni wengi, na wazee walioko huku huanza kutafuta ushauri wakati mambo yameshaharibika. Jibu fupi ni hapana, si kwa rangi peke yake. Jibu refu lina mambo ambayo filamu imeyapita mbiombio.

Kwa ambaye hajaiona: Kevin Costner ni Elliot, mwanasheria tajiri wa Los Angeles, jimbo la California, anayekunywa pombe kupita kiasi. Binti yake alifariki akijifungua, akiwa na miaka 17 tu, na Elliot na mkewe wakabaki na mjukuu wao, Eloise. Filamu inaanza mke huyo naye amekufa kwa ajali ya gari. Ndipo bibi mzaa baba, Rowena, anayeigizwa na Octavia Spencer, anapodai mtoto akalelewe kwake, kwenye nyumba iliyojaa ndugu wa kila umri. Baba mzazi, Reggie, ni mwana wa Rowena. Yuko hai, lakini dawa za kulevya zimemteka na binti yake hajamlea. Mjomba wa Reggie, ambaye ni wakili, anaona kesi itashinda ikipiganwa kwa hoja moja: babu huyu mzungu ni mbaguzi.

Tuanze na Reggie, maana watazamaji wengi wanamwona kama kero tu ya kuwachelewesha wazee wawili. Kwa sheria ya California yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Mzazi aliye hai anatangulia babu na bibi wa pande zote mbili, wawe matajiri au maskini. Ili mtoto akabidhiwe mtu asiye mzazi, kifungu cha 3041 cha sheria ya familia ya jimbo hilo kinamtaka jaji ajiridhishe kwanza kwamba kukaa na mzazi kutamdhuru mtoto. Akisharidhika na hilo ndipo anauliza ni nani anafaa. Hapa kwetu mpangilio ni wa namna hiyohiyo: kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa mtoto baba au mama, na ndugu mwingine huingia pale tu panapokuwa na mazingira ya pekee yanayofanya wazazi wote wawili wasifae.

Elliot alikuwa na karata nzuri ambayo haihusiani na ngozi ya mtu. Kifungu hicho cha 3041 kinamtambua mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa mzazi wa mtoto kwa matendo, kila siku, kwa chakula, kwa homa za usiku na kwa mapenzi. Kumng'oa mtoto kwa mtu wa namna hiyo kunahesabiwa kuwa ni madhara. Eloise hakuwa na nyumba nyingine tangu azaliwe. Ningekuwa wakili wa Rowena, hilo ndilo lingeninyima usingizi. Nisingeshughulika na matusi ambayo Elliot aliwahi kumtolea Reggie.

Sasa rangi. Shauri la kulijua ni Palmore dhidi ya Sidoti, lililotoka Florida. Wazazi wawili wazungu waliachana mwaka 1980, na mama akapewa binti yao wa miaka 3. Mwaka uliofuata baba akarudi mahakamani kwa sababu mama alikuwa akiishi na mwanamume mweusi, ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Jaji hakuona kosa lolote katika malezi ya mama wala katika tabia ya mume mpya. Hata hivyo alimhamishia mtoto kwa baba, akisema akianza shule atanyanyapaliwa na wenzake kwa ajili ya ndoa ile. Isome hukumu hiyo polepole: ubaguzi wa majirani uligeuzwa kuwa sababu ya kumnyang'anya mama mtoto wake.

Tarehe 25 Aprili 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha uamuzi huo, majaji wote kwa kauli moja. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba huenda sheria haiwezi kuzifikia chuki zilizomo mioyoni mwa watu, lakini haiwezi pia, moja kwa moja au kwa kupitia pembeni, kuzipa nguvu ya kutenda. Kila wakili wa familia nchini humo anaijua sentensi hiyo.

Kinachoniuma ni kilichofuata, ambacho husimuliwa mara chache. Kesi ikiwa bado inaendelea, baba alikuwa ameshahamia Texas na mtoto. Mama aliporudi Florida na ushindi wake mkononi, mahakama za huko zikaona jambo hilo sasa ni la Texas. Mtoto akabaki kwa baba. Mama alishinda mbele ya mahakama ya juu kabisa ya taifa lake na hakumpata binti yake. Kila mzazi anayeniambia "twende tu mahakamani, haki itaonekana" namsimulia kisa hiki, kwa sababu katika mashauri ya watoto muda wenyewe unahukumu kabla ya jaji. Mtoto anazoea shule, marafiki na kitanda chake, na jaji anayekuja baadaye anaogopa kumng'oa.

Je, tangu 1984 rangi haitajwi tena? Inatajwa. Kilichokatazwa ni kuifanya iamue. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Illinois, katika shauri la Gambla dhidi ya Woodson, ilikubali mtoto abaki kwa mama yake Mmarekani mweusi badala ya baba mzungu. Wazazi wote wawili walionekana wanafaa. Miongoni mwa mambo mengi, jaji wa awali alikuwa amezingatia kwamba mama angeweza kumfundisha binti yake namna ya kuishi akiwa mwanamke mweusi katika nchi ile. Wakosoaji walisema mlango uliofungwa na Palmore umefunguliwa kwa nyuma. Mimi nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Mtoto mweusi Marekani atakutana na polisi, walimu na wenye maduka watakaomtazama kwa macho fulani, na mlezi asiyejua hilo, au anayejifanya halipo, anamwachia mzigo auvumbue peke yake. Filamu inaligusa hili pale Elliot anapohangaika na nywele za mjukuu wake. Angeweza kujifunza kuzichana kwa wiki moja. Kumweleza Eloise kwa nini mlinzi wa dukani anamfuata yeye na si rafiki yake kungemchukua muda mrefu zaidi, na kungehitaji amruhusu Rowena amsaidie.

Kuna njia nyingine ambayo rangi hupita nayo kuingia mahakamani bila kutajwa jina, nayo ni sura ya nyumba. Nyumba ya Elliot ina bwawa la kuogelea na ukimya. Ya Rowena ina watu. Kwa afisa ustawi wa jamii aliyelelewa katika familia ya baba, mama na watoto wawili, ile ya kwanza ndiyo "nyumba bora" hata kabla hajafungua daftari.

Hili si jambo la kufikirika. Katika mji wa East Cleveland, Ohio, bibi mmoja mweusi aitwaye Inez Moore aliishi na mwanawe na wajukuu wawili. Mmoja wa wajukuu, aliyezaliwa na mtoto wake mwingine, aliletwa kwake akiwa hajatimiza mwaka kwa sababu mama yake alikufa. Sheria ndogo ya mji ilieleza nani anahesabiwa kuwa familia ndani ya nyumba moja, na watoto wa ndugu wawili tofauti hawakuingia. Aliamriwa amwondoe mjukuu huyo. Alipokataa alihukumiwa kifungo cha siku 5 na faini ya dola 25. Kosa lake lilikuwa kulea yatima wa ukoo wake! Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilimwokoa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji watatu waliona sheria ile haina tatizo, na wa nne alisema bibi huyo angeomba kwanza ruhusa maalumu ya mji.

Lakini mzee asiisome kesi hiyo akadhani bibi ana haki sawa na mzazi. Mwaka 2000, katika Troxel dhidi ya Granville, babu na bibi wa jimbo la Washington waliomba kukaa na wajukuu, watoto wa mwana wao aliyefariki, wikiendi mbili kila mwezi pamoja na kulala. Mama hakuwakatalia kabisa. Alikubali siku moja kwa mwezi bila kulala. Mahakama ya Juu ikasema uamuzi wa mzazi anayefaa lazima upewe uzito wa pekee, na jaji asiingize matakwa yake kwa kuwa tu anaona wajukuu wangefurahi zaidi. Wazee walishindwa.

Kwa hiyo mwenye mjukuu huko, aliyepoteza mwana au binti, asianze na mahakama. Aanze na mzazi aliyebaki, hata kama hawaelewani, hata kama hawakumtaka wakati wa uchumba. California inaruhusu wazazi wa marehemu kuomba muda wa kumwona mjukuu, na jaji atapima uhusiano uliokuwepo kabla ya ugomvi. Uhusiano huo hujengwa kwa simu za kila wiki, kwa kumsomesha, kwa kwenda kumwona inapowezekana, na kwa kuwa na ushahidi wake. Mkikubaliana mtoto aje likizo, andikeni makubaliano, mzazi atie saini, na tarehe ya kumrudisha itajwe. Kumkawiza mtoto huku bila ridhaa, kwa nia njema kiasi gani, kutatumika dhidi yenu, na jina lenu litaingia kwenye jalada kama watu wasiorudisha watoto.